Maisha ya James Chuma, Mkalimani wa Misafara

Zamani, kabla reli haijafika Morogoro mwaka 1907, mtu aliyetaka kwenda bara kutoka pwani alikwenda kwa miguu. Njia kubwa ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita katika nchi ya Wakwere na Wakami, ikafika chini ya milima ya Uluguru. Hapo palikuwa na mji wenye ukuta uliojengwa na Kisabengo. Baada ya kufa kwake alitawala binti yake, jina lake Simbamwene, na wasafiri wakauita mji huo kwa jina la yule mwanamke. Wapagazi walipumzika hapo, wakanunua chakula, kisha wakaendelea na safari ya kwenda Usagara na Ugogo.

Katika misafara hiyo walikuwamo watu wa makabila mengi. Wao kwa wao walisema Kiswahili. Lakini Wazungu walipoanza kuja kuitazama nchi, ilihajiwa lugha nyingine tena, nayo ni Kiingereza. Siku zile Waafrika waliokijua walikuwa wachache sana. Mmoja wao alikuwa James Chuma, Myao, ambaye hakuzaliwa penye shule, wala hakuwa mwana wa mfalme. Alijifunza Kiingereza neno kwa neno, kwa kusikia na kusema, na mwisho maneno yale yakawa na kazi kubwa kuliko alivyoweza kufikiri alipokuwa mtoto.

Chuma alizaliwa kama mwaka 1850, katika nchi ya Wayao, upande wa kusini wa ziwa Nyasa. Nyakati hizo nchi ile ilikuwa na vita na njaa, na biashara ya watumwa ilikuwa imeenea kila mahali. Chuma alikamatwa angali mtoto, akauzwa, akatiwa katika kundi la watumwa wa kupelekwa mbali. Mwaka 1861 David Livingstone na Askofu Mackenzie walipanda nyanda za juu za mto Shire, katika nchi iitwayo leo Malawi. Humo walikutana na misafara ya watumwa, wakawafungua watu. Chuma alikuwa katika hao waliopata uhuru mwaka ule. Umri wake ulikuwa kama miaka kumi na mmoja.

Waliofunguliwa hawakuwa na pa kwenda, maana wengi makwao kumeteketezwa. Basi wakakaa pamoja na wamisheni mahali paitwapo Magomero. Pale Chuma alisikia Kiingereza kwa mara ya kwanza. Wamisheni hawakujua Kiyao, na watoto hawakujua Kiingereza, na kila upande ulihitaji kujifunza kwa upande wa pili. Katika wamisheni wale alikuwamo Horace Waller, aliyesimamia mambo ya kazi za kila siku. Jina lake inafaa likumbukwe, kwa kuwa tutalikuta tena.

Magomero hapakudumu. Homa na njaa vikaua watu wengi, na Askofu Mackenzie mwenyewe akafa mwezi wa Januari 1862. Baadaye misheni ikaondoka katika nchi ile, ikahamia Unguja. Chuma na rafiki yake Wekotani wakaenda pamoja na Livingstone. Mwaka 1864 Livingstone alitaka kuiuza merikebu yake ndogo, iliyoitwa Lady Nyassa, akaona atapata mnunuzi Bara Hindi. Merikebu ile ilitengenezwa kwa maji ya ziwa, si kwa maji ya bahari kuu. Hata hivyo waliondoka Unguja tarehe 30 Aprili, Livingstone mwenyewe akiwa nahodha, na mabaharia wachache tu. Walikaa baharini siku 45, wakafika Bombay, mji uitwao sasa Mumbai, tarehe 13 Juni.

Huko Bombay Chuma na Wekotani waliwekwa katika shule ya misheni ya Waskoti, chini ya Dakta John Wilson. Walikaa zaidi ya mwaka mmoja. Hebu fikiri hali ya wale watoto wawili. Mji ni mkubwa, watu wake wanasema lugha nyingi, na hata moja katika hizo si Kiyao. Katika shule, lugha ya mwalimu ni Kiingereza. Mtoto aliye katika hali hiyo hujifunza upesi, maana asipojifunza hana wa kuzungumza naye ila mwenzake mmoja. Mwaka 1865 walibatizwa, Chuma akapewa jina la James, na Wekotani jina la John.

Mwezi wa Januari 1866 Livingstone alirudi Unguja kutoka Bombay, akiwa na vijana hao wawili, na pamoja nao Abdullah Susi, mtu wa Shupanga penye mto Zambezi. Wakashuka pwani ya kusini, wakapita Mikindani, wakaufuata mto Ruvuma kwenda bara. Walipofika penye ziwa Nyasa, Wekotani alikuta jamaa zake, akaamua kukaa nao. Chuma hakukaa. Akaendelea na safari, naye alikuwa kijana wa miaka kumi na sita tu.

Safari ile ilikuwa ndefu mno, na si haki kusema ya kuwa Chuma hakukosa kamwe. Mwaka 1868, Livingstone alipotaka kwenda ziwa Bangweulu, watu wake wengi walikuwa wamechoka, wakakataa kumfuata. Chuma na Susi walikuwa miongoni mwao. Livingstone alikwenda na watu wachache tu. Lakini aliporudi hakuwawekea kinyongo, akawapokea tena kazini. Tangu siku hiyo hawakumwacha tena mpaka alipokufa.

Wakati huo watu wa Ulaya na Marekani hawakuwa na habari za Livingstone, wala hawakujua kama yu hai. Gazeti moja la New York likamtuma mwandishi wake, Henry Stanley, amtafute. Stanley aliondoka Bagamoyo mwaka 1871 wakati wa masika. Mwezi wa Aprili alipita Simbamwene, akaistaajabia milima ya Uluguru na mashamba yaliyo chini yake. Mvua zilikuwa nyingi, njia ilikuwa matope, na mto Ngerengere ulikuwa umejaa. Mwaka uliofuata, alipokuwa akirudi pwani, alikuta mafuriko ya mto huo yamebomoa ukuta wa mbele wa mji.

Mwezi wa Novemba 1871 Stanley alikaribia Ujiji, penye ziwa Tanganyika. Watu wake walipiga bunduki, bendera ikapepea, na watu wa mji wakatoka kuwalaki. Katika makelele yale ya salamu za Kiswahili, Stanley alisikia karibu yake sauti ikimwamkia kwa Kiingereza, salamu ya asubuhi. Akashtuka, akageuka, akaona mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe na kilemba. Akamwuliza yeye ni nani. Yule akajibu kuwa ni Susi, mtumishi wa Dakta Livingstone. Stanley akauliza kama Dakta yumo katika mji ule, akajibiwa yumo.  Mara sauti ya pili ikamwamkia kwa salamu ile ile. Stanley akamwuliza huyu naye jina lake, akajibu kwa adabu kuwa jina lake ni Chuma. Stanley alikuwa amekwisha kusikia habari zake, akauliza kama ndiye rafiki wa Wekotani. Chuma akakubali kuwa ndiye. Stanley akauliza kama Dakta hajambo, akajibiwa kuwa hali yake si njema sana.

Mwanafunzi akitazama vizuri mazungumzo hayo ataona jambo la ajabu. Hakuna hata neno moja gumu ndani yake. Salamu, jina lako nani, bwana wako yuko wapi, hajambo au hawezi: haya ndiyo masomo ya kwanza katika kila kitabu cha Kiingereza. Mtoto wa shule huyasoma akayaona madogo, akatamani kupita upesi ili afikie maneno makubwa. Lakini Stanley alikuwa amesafiri miezi mingi kwa ajili ya swali moja tu, na jibu lake alilipata katika maneno hayo madogo, kutoka vinywani mwa vijana wawili wa Kiafrika, kabla hajamwona Livingstone kwa macho yake.

Tena jambo moja zaidi. Salamu ya Kiswahili ni kuulizana hali. Mtu akisema hujambo, mwenziwe hujibu sijambo. Salamu ya asubuhi ya Kiingereza si swali, bali ni kutakiana heri, na jibu lake ni kuirudisha vile vile. Mwenye kuigeuza lugha yake neno kwa neno hawezi kuipata. Chuma na Susi hawakuigeuza. Waliisema kama waisemavyo wenyewe, na mwisho wa kila jibu waliongeza neno la heshima, kwa kuwa hata katika lugha ya kigeni walikumbuka adabu ya kwao.

Livingstone hakukubali kurudi Ulaya pamoja na Stanley. Akaendelea na safari zake, na tarehe 1 Mei 1873 akafa katika mji wa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Watu wake walikuwa kama sitini, mbali na pwani, katika nchi ya kigeni. Wangaliweza kumzika wakatawanyika. Lakini Susi na Chuma waliitisha shauri, na wote wakakubali kuupeleka mwili Unguja. Wakauzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright, Myao mwingine aliyesoma katika shule ya Nasik karibu na Bombay, akasoma sala ya maziko, akachora maneno katika gome la mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha kwa jua, wakaufunga kwa nguo na magome ya mti, wakaanza safari. Njia ilikuwa zaidi ya maili 1,000.

Walipokaribia Unyanyembe walisikia ya kuwa kuna Wazungu huko, na ya kuwa mmoja wao ni mwana wa Livingstone. Basi Jacob Wainwright akaandika barua kwa Kiingereza kumpasha habari za msiba, na Chuma akatangulia kuipeleka. Tarehe 20 Oktoba 1873 akafika. Mwana wa Livingstone hakuwako, bali alikuwako Luteni Cameron pamoja na wenziwe, waliotumwa kumsaidia Livingstone. Chuma akamkabidhi barua. Barua ilisema machache, na mengine yote Cameron aliyapata kwa kumwuliza mchukuzi wa barua.

Cameron alishauri mwili uzikwe pale pale, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa na hatari nyingi. Susi na Chuma walikataa. Kukataa shauri la mkubwa kwa lugha yake mwenyewe si jambo jepesi. Mtu akiwa mkali huonekana mfidhuli, na akiwa mlegevu hushindwa. Wao walishika neno lao kwa upole, wala hawakugeuka, na Cameron akawaacha waende.

Mbele kidogo wakasikia ya kuwa wenyeji hawatakubali maiti ipite katika nchi yao. Ndipo wakafanya hila. Walifunga fungo la mabua mfano wa maiti, wakalirudisha kwa heshima kana kwamba wanakwenda kulizika Unyanyembe. Usiku wachukuzi wakayatupa mabua yale porini, wakarudi kwa wenzao. Mwili wa kweli wakaufunga upya kama mzigo wa nguo za biashara, wakapita nao salama. Mwezi wa Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na mwili ukawekwa katika misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu. Miaka iliyofuata, mapadre hao hao ndio waliopanda bara kujenga misheni Mhonda na Morogoro.

Pale Bagamoyo kazi ya wachukuzi ikamalizika. Merikebu ya Kiingereza ikaja kuuchukua mwili, wao wakalipwa ujira wao, wakaambiwa waende zao. Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza mpaka Uingereza, kwa fedha za chama cha misheni. Livingstone alipozikwa katika kanisa la Westminster tarehe 18 Aprili 1874, Susi na Chuma hawakuwako, ingawa wao ndio walioongoza msafara kutoka Chitambo hata pwani.

Baadaye rafiki mmoja wa Livingstone, James Young, aliona si haki, akawalipia nauli. Walifika Uingereza maziko yamekwisha kupita. Lakini palikuwa na kazi nyingine inayowangoja. Livingstone alikuwa ameacha vitabu vyake vya habari za kila siku, na mtu aliyepewa kazi ya kuvitengeneza ili vichapwe alikuwa Horace Waller, yule yule wa Magomero. Kazi ilikuwa ngumu. Livingstone alipokuwa Manyema aliishiwa na karatasi, akaandika juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa miti uliofifia. Majina ya mito, ya vijiji na ya watu yalikuwa mengi, wala hapakuwa na mtu Ulaya awezaye kuyaeleza.

Chuma na Susi wakakaa nyumbani kwa Waller katika kijiji cha Twywell. Waller akawa akiuliza, nao wakijibu. Mto huu unakwenda wapi? Tuliuvuka kabla ya mvua au baada yake? Nani alikuwapo siku ile? Wao walikumbuka mito na njia na watu, wakayaeleza yote kwa Kiingereza. Na habari za siku za mwisho za Livingstone, ambazo yeye mwenyewe hakuweza kuziandika, zilitoka katika vinywa vyao. Katika nyumba nyingine, iitwayo Newstead Abbey, walijenga mfano wa kibanda alichofia bwana wao, ili jamaa na rafiki zake waone kilivyokuwa. Kitabu kilitoka mwishoni mwa mwaka huo 1874. Juu yake yameandikwa majina ya Livingstone na Waller. Jina la Chuma halimo katika waandishi, lakini asingalijua Kiingereza, kurasa zile za mwisho zisingalikuwa kama zilivyo. Mtoto wa Magomero sasa alikuwa akimsaidia mwalimu wake kuandika.

Chuma alirudi Unguja, akaendelea na kazi ya misafara. Aliongoza safari za Askofu Steere kwenda nchi ya Wayao mwaka 1875, na mwaka 1876 katika safari ya kuwapeleka Masasi watu waliokombolewa utumwani. Labda hakuna aliyeijua haja ya watu wale kuliko yeye.

Mwaka 1879 chama cha elimu ya jiografia cha London kilimtuma Keith Johnston kutafuta njia kutoka Dar es Salaam mpaka ziwa Nyasa. Msaidizi wake alikuwa kijana wa Kiskoti, Joseph Thomson, na mkuu wa wapagazi alikuwa Chuma. Wakaondoka mwezi wa Mei, wakafika Behobeho, katika nchi ya Wakutu, kusini ya milima ya Uluguru. Hapo Johnston, aliyekuwa akiugua tumbo la kuhara, akafa tarehe 28 Juni. Thomson akabaki peke yake. Umri wake ulikuwa miaka 21, na hakuwa amekaa Afrika zaidi ya nusu mwaka.

Msafara wa watu 150 ulikuwa katika shaka. Wapagazi wakiona kiongozi hajui njia wala desturi, hutupa mizigo, wakakimbia usiku. Thomson aliamua kuendelea, naye Chuma akawa ulimi wake. Kila neno la Thomson kwa watu lilipita kwa Chuma, na kila neno la watu kwa Thomson lilipita kwa Chuma. Wenye nchi wakidai hongo, yeye ndiye aliyekwenda kusema nao, maana alijua lugha nyingi za bara, na maneno yake yalikuwa matamu. Mkalimani mwenye hila aweza kujipatia mali nyingi mahali kama hapo, kwa kuongeza kidogo huku na kupunguza kidogo kule. Tena aweza kuleta vita kwa neno moja alilolisema kwa ukali kuliko alivyolisikia. Msafara ulipita nchi ya Mahenge na Uhehe, ukafika ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika, ukarudi Bagamoyo mwezi wa Julai 1880. Haukupigana vita, na katika watu wale 150 alipotea mtu mmoja tu.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1882, Chuma akafa Unguja. Umri wake ulikuwa kama miaka 32. Susi aliishi mpaka mwaka 1891.

Chuma hakuacha mali nyingi, wala hakuandika kitabu. Jambo la kukumbukwa ni namna alivyoitumia elimu yake. Wako watu wajuao maneno machache ya Kiingereza ambao hujivuna juu ya wenzao, wakaona haya kusema lugha ya mama zao. Chuma alikijua Kiingereza kuliko hao, wala hakuacha Kiyao wala Kiswahili. Asingalikuwa na lugha hizo, Kiingereza chake kisingalimfaa mtu katika msafara, kwa kuwa mkalimani ni kama daraja, na daraja lililoshika ukingo mmoja tu halivushi mtu.

Leo njia ya misafara chini ya Uluguru imefunikwa na barabara na reli. Mwanafunzi wa Morogoro anayeanza kujifunza salamu, na jina lako nani, na njia hii yaenda wapi, asiyadharau maneno hayo. Ayaseme kila siku bila kuona haya akikosa, naye atayazoea. Hajui ni siku gani mtu aliyetoka mbali atamwuliza jambo moja tu, na jibu lake likahitajiwa liwe la kweli.